Windows 11 kwenye skrini haithibitishi kitu

Ukipita kwenye maduka ya laptopu Kampala, iwe Wilson Road au ndani ya jengo la Mutaasa Kafeero, karibu kila mashine ya "UK used" (mtumba wa Uingereza) iliyowashwa mezani inakuonyesha picha ileile: lile ua la buluu la Windows 11. Muuzaji hana haja ya kusema mengi. Mteja amesikia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, anaona ua, moyo unatulia, anatoa pesa. Kwa maoni yangu ua hilo halithibitishi kitu, na nyongeza ya bei inayodaiwa kwa ajili yake haina msingi.

Windows 11 ina masharti yake: prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, au AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na diski ya GB 64 au zaidi. Lakini anayekagua masharti hayo ni programu ya kusakinisha, na programu hudanganyika. Fundi anapoandaa fleshi kwa programu ya Rufus, ambayo ni ya bure, anaulizwa kama anataka ukaguzi uondolewe. Anabofya mara moja, na Windows 11 inaingia kwenye laptopu ya 2016 bila kulalamika.

Na kweli inafanya kazi. Hata masasisho ya kila mwezi kwa kawaida huja. Tatizo linachelewa. Microsoft haijaahidi chochote kwa mashine zilizoingizwa hivyo, na lile toleo kubwa la kila mwaka halijileti lenyewe. Mtu analazimika kuliweka kwa mkono, kwa fleshi na ujanja uleule. Kila toleo hilo la mwaka, kwa Windows za Home na Pro, lina miezi 24 ya kuhudumiwa. Ikiisha, mnunuzi amerudi palepale alipokuwa akipakimbia, isipokuwa safari hii hajui kwamba amerudi, kwa sababu ua bado linang'aa.

Basi tazama namba ya prosesa. Kusema "Core i5" peke yake ni sawa na kusema "Toyota" bila kutaja mwaka wa gari, na kibandiko cha i5 kilicho karibu na kibodi si hoja kabisa, maana vibandiko huuzwa. Namba yenyewe husomwa hivi: kwenye i5-6300U tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha 6. i5-7300U ni cha 7. i5-8350U ni cha 8, na hapo ndipo mstari wa Microsoft ulipochorwa. Ukiona i5-10210U, soma tarakimu mbili: kizazi cha 10.

Mtego mkubwa ni kwamba mashine za pande mbili za mstari huo zinafanana kama mapacha. ThinkPad T470 na T480 zikiwekwa bega kwa bega, asiye mzoefu hatofautishi. Ya kwanza ni kizazi cha 6 au cha 7, ya pili ni cha 8 (kuna T480 chache zilizotoka na cha 7, kwa hiyo hata jina la modeli halitoshi). Upande wa HP, EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7, G5 kwa kawaida ni cha 8. Upande wa Dell, Latitude 7480 iko chini ya mstari na 7490 kwa kawaida iko juu yake. Tofauti ya herufi au tarakimu moja chini ya mashine, na ndiyo tofauti yote.

Ukiwa dukani, usiombe kuonyeshwa. Shika kibodi mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, bofya CPU. Juu kulia jina la prosesa linajiandika lote. Halafu shuka chini kidogo kwenye neno "Cores". i5 ya kizazi cha 7 yenye U mwishoni itakuonyesha 2, na "Logical processors" 4. i5 ya kizazi cha 8 yenye U itakuonyesha 4 na 8. Jina la prosesa mtu mjanja anaweza kulibadilisha kwenye rejista ya Windows, hadi mashine iwashwe upya (Restart). Idadi ya viini (hizo "Cores") si rahisi kuichezea. Ukiwa na shaka, washa upya na uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguka kabla ya Windows: F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Jambo hili la viini halisemwi vya kutosha. Intel iliongeza viini mara mbili kati ya kizazi cha 7 na cha 8 kwenye i5 za laptopu nyembamba, kwa hiyo hata kama hujali Windows 11 hata kidogo, G5 inaizidi G4 kwa kazi halisi: simu ya Zoom, kivinjari chenye kurasa kumi na Excel vikiwa wazi pamoja. Ila i3 usiipime kwa kipimo hiki, kwani i3-8130U ni ya kizazi cha 8 na viini vyake ni 2 tu.

Sasa, nisieleweke vibaya. Sisemi mashine ya kizazi cha 6 au 7 ni takataka. Nasema ilipiwe bei yake. 840 G3 yenye RAM ya GB 8 na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ni mashine safi kabisa kwa mwanafunzi wa Makerere au kwa sekretarieti ya SACCO. Yenye diski ngumu ya kuzunguka ndiyo adhabu: Windows 10 na 11 husoma na kuandika vipande vidogovidogo bila kupumzika, na diski ya kuzunguka humudu maombi kama mia moja hivi kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida humudu makumi ya maelfu. Watu wengi wanaolia kwamba kompyuta imezeeka wanalilia diski. Ukiweka SSD ya GB 256, nunua ya jina linalojulikana, na usikubali "SSD ya TB 2" inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Hizo, sawa na fleshi za aina hiyo, mara nyingi ndani zina GB 32 au 64 na chipu iliyofundishwa kusema uongo. Programu ya H2testw hujaza diski nzima kisha husoma tena kilichoandikwa. Uongo hujitokeza hapo, hata kama itachukua saa kadhaa.

Kwa mashine hizo za chini ya mstari, njia za halali zipo. Ya kwanza ni kubaki Windows 10 na kujiandikisha kwenye nyongeza ya masasisho ya usalama ambayo Microsoft iliitangazia watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Sharti ni toleo la 22H2 (bonyeza Windows na R kufungua Run, andika winver ulione) na akaunti ya Microsoft. Ada ni dola 30, lakini kuna njia ya bure: kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Kivinjari cha Edge kwenye Windows 10 kimeahidiwa masasisho hadi angalau Oktoba 2028. Njia ya pili, ambayo mimi ningeichagua kwa mashine ya shule au ofisi ndogo, ni Linux Mint 22, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Inahudumiwa hadi 2029, faili lake ni karibu GB 3, fleshi ya GB 8 inatosha, na unaweza kuiwasha kutoka kwenye fleshi na kujaribu Wi-Fi, sauti na kamera kabla hujagusa diski. Fleshi huitwa kwa F9 kwenye HP, na F12 kwenye Lenovo na Dell. Kikwazo cha Mint ni programu za Windows pekee: mhasibu anayeishi ndani ya programu ya hesabu ya Windows asihamishwe kwa nguvu.

Mambo mawili ya kuchekesha, au ya kusikitisha, sijui. La kwanza: nusu ya hofu hii ya Windows 10 wanayo watu ambao masasisho waliyazima zamani ili kuokoa bando. Siwalaumu. Data Uganda ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, juu yake VAT ya asilimia 18, na Windows haina huruma na MB za mtu. Lakini mashine iliyozimiwa masasisho tangu 2022 haikupoteza chochote tarehe 14 Oktoba 2025. Penye kompyuta nyingi kwenye mtandao mmoja, kama maabara ya shule, kuna dawa: washa Delivery Optimization kwenye mipangilio ya Windows Update, uchague kompyuta za mtandao wa ndani tu. Moja ikipakua, nyingine hupokea kwake kwa kiasi kikubwa badala ya kila moja kula bando upya.

La pili linaniudhi zaidi. Muuzaji anafuta diski, anaweka Windows, kisha anaiwezesha kwa programu ya wizi ambayo kwanza inamtaka azime kinga dhidi ya virusi. Umenunua kompyuta "safi" ambayo mlango wake umefunguliwa kabla haijatoka dukani. Na mara nyingi hakukuwa na haja yoyote! Laptopu za ofisi zilizotoka kiwandani na Windows 10 Pro zina ufunguo wa leseni ndani ya BIOS, nao huikubali pia Windows 11. Fungua PowerShell uandike:

(Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na namba 25, leseni iko. Ukiweka Windows upya kwa toleo lilelile la Home au Pro, itajiwezesha ikikutana na intaneti. Kisha kwenye Run andika slmgr /xpr. Ikijibu kwamba imewezeshwa kwa kudumu ("permanently activated"), vizuri. Ikitaja tarehe ya kuisha, ambayo kwa kawaida haizidi siku 180 mbele, hiyo ni njia ya makampuni iliyoigizwa na programu ya wizi. Mwambie aiondoe na aweke upya mbele yako, au punguza bei, au ondoka.

Betri hupimwa, haisifiwi. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, fungua faili inalokutajia. Linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. EliteBook 840 G5 ilizaliwa na takriban mWh 50,000. Ikisoma 27,000 imebaki na asilimia 54, na hiyo bado ni ya kuishi nayo. Namba hizo mbili zikilingana kabisa na CYCLE COUNT ikiwa 0, usidhani umebahatika; huenda umewekewa betri ya kuiga ambayo ripoti yake haikuambii lolote. Hapo chomoa chaja, cheza video dakika 20. Ikishuka zaidi ya asilimia 15, ni dhaifu. Padi ya kipanya ikiwa ngumu kubonyeza au imeinuka upande mmoja, usipime chochote. Betri imevimba, na iliyovimba hubadilishwa siku hiyohiyo.

Chaja nayo. Dell huzungumza na chaja yake kupitia pini nyembamba ya katikati. Chaja ya kuiga isiyojulikana, au pini iliyopinda, huifanya mashine iandike wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haitambuliki. Kisha betri haijai na prosesa hubanwa iende polepole mno. Fundi asiyejua atakuuzia RAM.

Nenosiri la BIOS ni sababu ya kuondoka bila kujadiliana. Kwenye ThinkPad, nenosiri la msimamizi likisahauliwa, njia rasmi ni kubadilisha ubao mama. Kuna pia laptopu ambazo bado zimesajiliwa kwa kampuni ya zamani huko zilikotoka: ukiweka Windows upya ukiwa na intaneti, inakuja skrini ya kukaribisha yenye jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini. Muuzaji huipita kwa kusakinisha bila intaneti, kwa hiyo hutaiona dukani. (Mint haijali usajili huo, lakini swali la mwenye mali linabaki.)

Kwa hiyo risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi Uganda) iwe na namba ya utambulisho ya mashine (serial number), ileile iliyo chini yake na ndani ya BIOS, na siku za kurudisha ziandikwe kwa kalamu kama hazikuchapishwa. Shule inayonunua ishirini kwa mpigo iandike kwenye oda i5-8350U au juu yake, RAM GB 8, SSD GB 256, betri isiyopungua asilimia 60 kwa ripoti, BIOS bila nenosiri. Ukiandika "laptopu Core i5 yenye Windows 11", muuzaji atakuletea hasa ulichoandika, na hutakuwa na kesi.