Chukudu yangu ilivyofunga barabara

Nimetoka Kibumba alfajiri, magunia manne ya kabichi juu ya chukudu, kigari changu cha mbao cha magurudumu mawili, na breki ni kipande cha tairi ninachokanyaga kwa kisigino. Nashuka mpaka Himbi, mtaa wa mji wa Goma, kule kwenye mahoteli ya kando ya ziwa wanakolala wazungu. Barabara imefungwa! Askari wamezingira nyumba, ndani kuna bwana kajifungia, anapiga kelele kwamba hatoki.

Kafanya nini? Mama wa mikate anasema deni la nyumba. Kijana wa pikipiki anasema mke wa mtu. Mzee mmoja akasema ni kodi, ila kwa yule mzee hata mvua ni kodi.

"Komanda, mimi naenda pale tu, kwenye geti la bluu."

"Papa, hakuna kupita."

Jamani, mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipasua mji huu. Mwaka 2021 ikakata barabara ya Rutshuru, wala sikulalamika. (Nadanganya. Nililalamika sana.) Lakini lava unajua inaelekea wapi: inateremka tu, kama mimi na chukudu yangu. Hawa wamesimama toka asubuhi, bunduki zinaangalia geti, geti linawaangalia wao.

Halafu Komanda akageuka, akaiona chukudu. Walikuwa wamefunga njia kwa kamba ya kuanikia nguo, na mbuzi alikuwa ameshapita mara mbili.

"Leta hiyo. Ilaze hapa katikati."

Kwa hiyo sasa mimi siwezi kupita kwa sababu njia imefungwa na mimi. Wazungu wakatoka hotelini na simu zao, piga picha, piga picha! Pale Rond-point Chukudu kuna sanamu nzima ya rangi ya dhahabu, inasimama tu, haidaiwi kabichi na mtu. Waende huko. Hapana, wanataka yangu, na mbuzi juu yake anatafuna gunia la pili.

Saa saba mchana, jua limetuchoma wote, sauti ikatoka nyuma ya geti:

"Hizo kabichi bei gani?"

Kimya. Askari wananiangalia.

"Elfu mbili!"

"Elfu moja!"

"Mpe kwa elfu moja, papa, tumalize," akaninong'oneza Komanda.

Ati nimpe! Kuzingirwa kwake kunapunguza nini kwenye jasho langu? Tukavutana robo saa, mama wa mikate akiwa upande wa mteja, mpaka yule bwana akachoka. Akafungua kimlango, akatoa mkono. Akapokea kabichi, nao wakampokea yeye.

Barabara ikafunguliwa, wazungu wakapiga makofi. Nikainama kuinua chukudu yangu.

"Hiyo iache, ni kielelezo. Pitia kesho."

"Na elfu mbili yangu, Komanda?"

Akanionyesha gari lao likikata kona, yule bwana nyuma katikati ya askari wawili, amekumbatia kabichi yangu.

"Si mteja wako? Mdai."