Neno "liking" Limeonewa vya Kutosha

"My likings are reading and travelling." Sentensi hii imezagaa kwenye barua za kuomba kazi, na anayeiandika kwa kawaida ni mtu mwenye Kiingereza kizuri tu, anayejua kuwa wingi unataka "s". Na balaa ndilo hilo, kaiweka. "Likings" limo kwenye kamusi, sawa, nakubali shingo upande, ila halitumiki kuorodhesha vitu unavyovipenda. Kazi hiyo ina wenyewe: "likes" na mwenzake "dislikes". Kwenye wasifu andika "interests", yaishe.

Chanzo cha vurugu ni kutafuta jina kwa jina, yaani nomino ya lugha moja kwa nomino ya nyingine. Mtu anafungua kamusi, anakuta "upendeleo", anaridhika. Lakini upendeleo kwetu una harufu: ni mwalimu anayemgawia mtoto wa shemeji yake alama za bure. "Liking" halina harufu hiyo. Ni kupenda kwa kiasi, kupenda kusiko na homa. Mwandikie mpenzi wako "I have a liking for you" halafu usishangae akikujibu "ahsante".

Vihusishi navyo, yaani "for" na "to". "A liking for" ni hali iliyokwisha kukaa: "She has a liking for old maps." "Take a liking to" ni kuanza kupenda, aghalabu papo kwa papo: "The cat took a liking to the visitor." Paka kamwona mgeni, kampenda. Ukivichanganya ukaandika "a liking to maps" au "a liking of maps", sentensi inachechemea.

Hapo kwenye "to" ndipo Kiswahili kinapotuponza. Kuogelea kwetu ni kitenzi na ni jina, umbo lile lile; "napenda kuogelea" na "kuogelea kunachosha" hakuna tofauti hata ya herufi. Kwa hiyo mtu anaandika "he took a liking to swim" bila wasiwasi wowote. Lakini "to" hii si ile ya kitenzi. Inadai jina baada yake, kwa hiyo ni "took a liking to swimming". Ukiwa na shaka, weka "it" baada ya "to". "Took a liking to it" inakaa vizuri, basi ujue kinachofuata lazima kiwe jina.

Sasa nije kwenye linalonikera hasa: "This room is very hot for my liking." Hapana! "For my liking" ni mkia wa malalamiko, na malalamiko hayo yanahitaji kipimo kilichopitwa. Kipimo hicho ni "too": "too hot for my liking", "too many questions for my liking". Au kipimo ambacho hakijafikiwa: "not bright enough for my liking". "Very" haipimi chochote, inakoleza tu. Tunakosea kwa sababu "sana" tumeitwisha mizigo miwili. "Kuna joto sana" inaweza kuwa sifa, inaweza kuwa kilio. Na neno la kilio tunalo, tena fupi: mno. Kabla ya kuandika, jiulize kama ungesema "mno" au "kupita kiasi". Kama ndiyo, weka "too", kisha "for my liking" ifuate. Kama ni "sana" ya kawaida, huo mkia ukate. (Utakutana na "a bit close for my liking" isiyo na "too". Haya, lakini hapo "a bit" ndiyo inayolalamika.)

Ndiyo maana "the food is good for my liking" ni kichekesho; unasifu kwa sauti ya kununa. Penye kuridhika kihusishi ni "to": "The colour is to my liking." Na hapa, ajabu, Kiswahili ndicho kinachotuokoa, mradi tuache kutafuta jina. "Adjust the volume to your liking" ni rekebisha sauti upendavyo. Basi. Hiyo "-vyo" imebeba kila kitu. "According to my liking" ni kuvaa makoti mawili. Hata kitenzi chenyewe "like", katika Kiingereza cha kale "lician", kilimaanisha kumpendeza mtu: kitu ndicho kilichotenda, kama tunavyosema "kimenipendeza".

"Likeness" ni kufanana, liache huko liliko. "Likeing" haipo, ile "e" hudondoka. Na "linking" kikagua tahajia hakitakukamatia, kwa kuwa nalo ni neno halali.

Mhudumu wa mezani akikuuliza "Is everything to your liking?", usimjibu "Yes, it is my liking." Wala usihangaike kulirudia neno lenyewe. Anachosubiri ni "Yes, thank you," arudi jikoni.