Mama wa njiti si mgeni wodini

Mdogo wangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 30. Mtoto alikuwa na gramu 1,350, ngozi nyekundu inayoonesha mishipa, na kiganja ambacho hakikuweza kuzunguka kidole changu cha mwisho. Wodi ilikuwa na utaratibu wake: mama anaruhusiwa kuingia kila baada ya masaa matatu, anakamua maziwa, anamkabidhi nesi kikombe, anatoka. Muda uliobaki alikaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango, kanga imelowa maziwa kifuani, macho kwenye saa ya ukutani. Wenzake sita walikaa naye hapo hapo, na kila mlango ulipofunguliwa wote waliinua vichwa.

Siku ya tisa tumbo la mtoto likajaa, ngozi ikakaza mpaka ikang'aa. Maziwa yakawa yanarudi kwenye mpira wa puani yakiwa ya kijani. Wakasitisha kumnywesha, wakachukua damu kwenda kuiotesha maabara, na majibu yakasema Klebsiella, aina ya bakteria. Daktari kijana aliyetupa majibu alikaa chini kabisa, usawa wa benchi letu, akamwambia mdogo wangu: "Dada, watu wanadhani mdudu huyu anaruka kutoka hewani na kuingia kwenye damu. Mara nyingi huanza kuweka makazi tumboni, kimya kimya, siku kadhaa kabla."

Sentensi ile ilinifanya nianze kusoma, na niliyoyasoma yamenibadilisha msimamo kabisa kuhusu nani anayestahili kuwa ndani ya wodi ya njiti na nani awe nje.

Mtoto aliyetimiza miezi yake akizaliwa hupata bakteria wake wa kwanza kwa mama: njiani anapozaliwa, kifuani anapolazwa, chuchuni anaponyonya. Maziwa ya mama yana aina ya sukari ambazo mtoto mwenyewe hana uwezo wa kuzimeng'enya. Nilipolisoma hili nililirudia mara mbili. Mwili wa mama unatumia nguvu zake kutengeneza chakula kisichomlisha mtoto bali bakteria wanaomlinda, hasa wale wanaoitwa bifidobakteria. Hao wakishiba huutia utumbo uchachu, na wadudu wabaya hukosa pa kukaa.

Njiti hupitia njia nyingine. Mara nyingi huanza na dripu na antibiotiki siku ya kwanza, kisha mpira puani, kisha mikono mingi ya watu wengi. Wanaowahi kujenga utumboni mwake ni wakazi wa hospitali, akina Klebsiella na ndugu zake, wale waliozoea sinki, meza na vitasa vya milango, na ambao wengi wao wameshakuwa sugu kwa dawa. Ukuta wa utumbo wa njiti nao bado ni mwembamba, ute wake haujakolea, kinga yake haijakomaa. Mdudu akizidi kuongezeka, hupenya na kuingia kwenye damu. Watafiti wa St. Louis kule Marekani walikuwa wakihifadhi kinyesi cha watoto njiti, kisha mtoto akipata maambukizi ya damu wanarudi kuangalia. Katika ripoti yao ya mwaka 2014, watoto 7 kati ya 11 walikutwa na bakteria yule yule kwenye kinyesi na kwenye damu. Si watoto wote, maana wengine maambukizi hupitia kwenye mirija ya dripu au kwenye ngozi. Ila saba kati ya kumi na mmoja si jambo la kupuuza.

Kwetu ukubwa wa tatizo unajulikana siku nyingi. Utafiti uliofanyika Muhimbili miaka ya 2001 na 2002 ulionesha kwamba watoto waliokuwa na maambukizi ya damu ya kundi hili la bakteria walikufa kwa kiwango kinachozidi maradufu kile cha waliolazwa kwa malaria. Malaria tumeiimbia nyimbo na kuigawia vyandarua. Sepsisi ya watoto wachanga, yaani maambukizi ya damu, bado inaitwa "mtoto alibadilika ghafla".

Wengine watasema basi tuwape njiti hao bakteria wazuri kwa matone, yaishe. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. India mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya watoto wachanga zaidi ya 4,500 wa vijijini jimbo la Odisha waliopewa bakteria wazuri pamoja na chakula cha bakteria hao, na kwa waliopewa, sepsisi na vifo vikihesabiwa pamoja vilipungua kwa takribani asilimia 40. Habari njema kweli kweli, lakini watoto wale hawakuwa njiti wadogo; walikuwa na kilo mbili na kuendelea. Na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti mmoja kufariki kwa maambukizi yaliyotokana na bakteria wale wale aliopewa kama kinga. Shirika la Afya Duniani halijazikataa probiotiki, yaani matone hayo ya bakteria wazuri. Linasema zinaweza kufikiriwa kwa njiti wa chini ya wiki 32 wanaopata maziwa ya mama. Basi uamuzi huo uwe wa daktari, kwa dawa yenye ubora uliohakikiwa. Usije ukanunua kichupa dukani ukamdondoshea mtoto wa kilo moja na robo. Vilevile maji ya chango, asali na uji mwepesi ambavyo shangazi na bibi zetu huleta kwa upendo mkubwa: kwa utumbo ule, mapenzi hayo ni hatari.

Dawa tuliyo nayo tayari ni mama mwenyewe. Kwanza dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo baadhi yetu bado tunaambiwa tuyakamulie chini kwa sababu ni machafu. Yamejaa kingamwili. Nesi mmoja wa zamu ya usiku alimfundisha mdogo wangu kupaka tone moja moja ndani ya mashavu ya mtoto kwa kidole kilichonawa, hata pale mtoto asipoweza kunyonya. Mama asipokuwa na maziwa ya kutosha, yapo ya mama mwingine yaliyopimwa na kuchemshwa kitaalamu. Pumwani, Nairobi, wana benki ya maziwa ya mama tangu 2019, na sioni kwa nini miji yetu mikubwa isiwe nazo.

Pili ni kifua chake. Njia ya kangaruu, ya kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa uhaba wa inkubeta. Kwa miaka mingi tuliambiwa mtoto asubiri atengemae ndipo abebwe. Kisha ukaja utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, hapa kwetu ukifanyika Muhimbili. Watoto 3,211 wenye uzito kati ya kilo moja na chini kidogo ya kilo moja na gramu mia nane. Nusu walibebwa kifuani tangu mwanzo, karibu masaa 17 kwa siku, mama akiwa na kitanda chake humo humo wodini. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 12.0 kati yao, ukilinganisha na 15.7 ya waliosubiri. Sepsisi nayo ilipungua. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Sidai kwamba yote ni kazi ya bakteria. Joto na kunyonya mapema vina sehemu yao. Lakini mtoto anayelala kifuani kwa mama yake anashikwa na mikono michache zaidi, na anaokota wadudu wa nyumbani kwao badala ya wadudu wa sinki.

Najua jibu: hakuna nafasi, na akina mama wataleta uchafu. La nafasi nalielewa, nimeona manesi wawili wakihudumia watoto thelathini. Ndiyo maana tunapochangisha au bajeti inapopangwa, nataka tuhesabu vitanda vya akina mama pamoja na inkubeta, na sinki lenye maji na sabuni mlangoni. La uchafu silikubali. Uchafu uliompata mtoto wetu haukutoka kwenye benchi la nje.

Alikaa kwenye dripu siku kumi na nne. Siku walipomrudishia maziwa, nesi yule wa usiku alifungua mlango, akamwita mdogo wangu, akavuta kiti cha plastiki mpaka ubavuni mwa inkubeta, akamwambia afungue kanga. Hakumwambia saa ngapi atoke.