Baiskeli Isiyotoka Chumbani: Dawa ni Wenzako, na Hatari ni Wao

Ukijiunga na darasa la baiskeli za ndani, usishangae mtu akikucheka kwa sababu ya pesa. Iweje ulipie baiskeli isiyokwenda popote, wakati Shinyanga na Mwanza watu wanabebea magunia ya mkaa kwenye baiskeli zao na hakuna anayewadai kiingilio? Utani huo una ukweli, ila haugusi penyewe. Mle ndani hawauzi baiskeli. Wanauza watu ishirini waliopangwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, muziki uko juu, mwalimu anapaza sauti "ongeza kidogo!", na wewe unaona haya kushuka kabla ya jirani yako.

Aliyeanzisha mtindo huu California mwishoni mwa miaka ya 1980 ni Johnny Goldberg, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Afrika Kusini. Baiskeli za mazoezi zilikuwepo muda mrefu kabla yake. Alichoongeza yeye ni muziki, mwalimu na kundi, na kwa maoni yangu hicho cha mwisho ndicho chenye uzito.

Ushahidi upo. Mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Kansas State na Michigan State waliwapandisha wasichana kwenye baiskeli za namna hii. Waliokuwa peke yao walidumu wastani wa dakika kumi na kitu. Wengine waliambiwa wana mwenza aliyewazidi nguvu kidogo, na kwamba matokeo ya timu yangehesabiwa kwa atakayechoka wa kwanza. Hao walidumu karibu mara mbili. Mwenza mwenyewe alikuwa video iliyorekodiwa! Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2017, uliwafuata wanafunzi wa udaktari kwa wiki 12: waliofanya mazoezi ya pamoja walipungukiwa na msongo wa mawazo kwa takriban asilimia 26, ilhali waliojifanyia wenyewe hawakuona nafuu ya maana, ingawa walitumia muda mrefu zaidi. Huo wa pili nauchukua kwa tahadhari. Kila mwanafunzi alijichagulia kundi lake, na apendaye watu huenda angepata nafuu popote palipo na watu. Tena hayakuwa mazoezi ya baiskeli.

Kwa mwili wenyewe hesabu ni nyepesi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali dakika 75 hadi 150. Vipindi viwili vya dakika 45, ukivifanya kwa kukaza kweli, vinafikisha kiwango hicho. Moyo unafaidika, presha inashuka, misuli inaitumia sukari ya kwenye damu. Mwenye uzito mkubwa au magoti yanayouma anapata zaidi, maana mwili umebebwa na kiti na hakuna kishindo cha kukanyaga lami. Wala hakuna bodaboda ya kukukwangua njiani.

Sasa upande wa pili. Nguvu ileile inayokuzuia kushuka ndiyo inayoweza kukulaza hospitali. Mgeni wa siku ya kwanza hajui kipimo chake, anafuata wenyeji. Mapaja yakilazimishwa kazi ambayo hayajaizoea, misuli inaweza kuvunjikavunjika na protini zake kumwagika kwenye damu hadi kuumiza figo. Dalili hujitokeza siku moja au mbili baadaye: maumivu yasiyo ya kawaida, mapaja kuvimba, mkojo kama chai ya rangi iliyokolea. Ni nadra, lakini madaktari wa Marekani walipopitia visa 46 vya aina hii mwaka 2017, 42 vilikuwa vya watu waliohudhuria darasa kwa mara ya kwanza. Kwetu kuna la ziada: hata aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, asiyeumwa lolote, hatari yake ya tatizo hili iko juu kidogo, na wengi wenye kinasaba hicho hawajawahi kupima.

Mifupa nayo haipati kitu kikubwa kwenye baiskeli, kwa kuwa haibebi uzito. Anayetegemea darasa hili pekee, hasa mwanamke aliyekwishakoma hedhi, atafute na vyuma vya kunyanyua.

Kuhusu bei, wakosoaji nawapa haki yao. Vikundi vya jogingi vya Temeke vinatoka alfajiri ya wikiendi vikiimba, na mtu akibaki nyuma anasubiriwa. Kundi ni lilelile, gharama ni fulana na mchango mdogo. Kama magoti yako ni mazima na kundi liko mtaani kwako, sioni sababu ya kuhangaika na ada ya jimu. Kama magoti yanagoma, au wewe ni mwanamke usiyetaka macho ya barabarani, ada hiyo ina maana.

Ukienda, wahi kabla muziki haujaanza. Simama kando ya baiskeli, kiti kikae usawa wa nyonga yako. Usiguse kitufe cha ugumu kila unapoambiwa, kunywa maji, na ukae chini wenzako wanaposimama. Na kabla ya kulipia mwezi mzima, muulize mwalimu kama anayeanza leo anaruhusiwa kushuka dakika ya 20. Akicheka, tafuta darasa jingine.