Mwanamke mbele ya wapigaji: ya Birmingham na ya kwetu Unguja

Nilipohamia Birmingham, okestra kubwa ya mji huu, yaani kundi la makumi ya wapigaji ala wanaofuata ishara za mwongozaji mmoja, ilikuwa inaongozwa na mwanamke kutoka Lithuania, Mirga Gražinytė-Tyla. Alichaguliwa mwaka 2016 akiwa na miaka 29, mwanamke wa kwanza kukamata nafasi hiyo. Mwaka 2018 alijifungua akiwa bado na cheo chake, mwaka 2020 akapata mtoto wa pili, na aliendelea na kazi ile mpaka 2022. Hilo la kujifungua ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote. Kwetu nimeona waimbaji na wapigaji wazuri mno wakiaga klabu za taarabu siku za harusi zao, na aliyevuka harusi akaaga mtoto alipozaliwa. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza tufanye nini ili arudi.

Msije mkadhani nasema Wazungu wamezaliwa na usawa. Okestra ya Philharmonic ya Berlin ilimpokea mwanamke wa kwanza mwaka 1982. Ile ya Vienna ilingoja hadi 1997, na mpiga kinubi Anna Lelkes, aliyepewa uanachama mwaka huo, alikuwa amekwisha kupiga nao zaidi ya miaka 20. Unasikika usiku baada ya usiku, na kwenye orodha ya wanachama humo! Na sisi je? Zaidi ya miaka hamsini kabla Berlin haijafungua mlango, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini, alikuwa ameshakwenda Bombay kurikodi sahani za santuri. Ilikuwa 1928. Yeye ndiye jina na sauti ya kikundi chake, na wapigaji wake walikuwa wanaume. Baada yake wanawake wa mjini wakawa na klabu zao za taarabu wakiziendesha wenyewe. Kwa hivyo mtu akiniambia mwanamke kuongoza muziki ni mambo ya kuiga Ulaya, namuomba kwanza aisome historia ya kisiwa chake.

Ninachokiona huku, na ninachokitamani kwetu, ni taratibu za kazi. Watu waliamua kubadilisha namna kazi inavyotolewa, hawakungoja roho za wakubwa zilainike. Marekani, hasa tangu miaka ya 1970, okestra zilianza kuwasikiliza waombaji wa kazi nyuma ya pazia. Pengine waliambiwa hata viatu wavue, maana kisigino kikigonga ubao majaji wameshajua kama anayekuja ni mwanamke. London nako, mwaka 2014, Alice Farnham alianzisha mafunzo ya waongozaji wanawake katika chuo cha Morley College.

Mafunzo hayo yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Mpiga udi anaweza kujifungia chumbani akafanya mazoezi mpaka vidole viume. Mwongozaji chombo chake ni watu: lazima wawepo mbele yake, wamsikilize, akosee, arudie, na watu hao lazima walipwe. Asiyepewa watu hajifunzi, kisha huambiwa hajui. Ndivyo mlango ulivyofungwa kwa miaka mingi bila ya mtu kuandika popote kwamba wanawake hawatakiwi. Tamasha la muziki la Proms, la London, lilianza 1895, lakini hadi 2013 ndipo mwanamke, Marin Alsop, alipoongoza usiku wa kulifunga tamasha hilo.

Na bado kuna uchafu. Januari 2024 kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia wanawake na usawa ilitoa ripoti kuhusu chuki dhidi ya wanawake katika muziki: ubaguzi, unyanyasaji, na wanawake kufungwa midomo kwa mikataba ya siri. Serikali iliyakataa mengi katika mapendekezo yale. Lakini jambo limeandikwa, na mwanamuziki wa kike ana karatasi ya kushika anapodai haki yake.

Kwetu hatujakaa bure. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, kimewapa wasichana kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), udi na fidla mikononi. Mwaka 2009 Bi Maryam Hamdani akaanzisha Tausi, taarabu ya wanawake watupu, waimbaji na wapigaji. Ukiwaona wamekaa na ala zao, hupati haja ya hoja nyengine. Ila ukienda kwenye klabu nyingi bado utawakuta wanawake mbele wanaimba, au nyuma wanaitikia, na anayepanga nyimbo, anayezungumza na hoteli na anayegawa pesa ni mwanamume. Rafiki zangu wa bara wananiambia kwaya zao za kanisani ni hivyo hivyo: akina mama wamejaa, mwalimu wa kwaya ni baba.

Tunawasifu sana, hilo kweli. Tunawatunza noti jukwaani, tunawaita malkia. Kisha mpiga kanuni wa kike akirudi nyumbani saa sita za usiku mtaa mzima una la kusema, na wa kiume akirudi saa hizo hizo anaulizwa kama ameshakula. Malkia gani anayetafuta bodaboda peke yake usiku wa manane?

Viongozi wa klabu, mazoezi yanaweza kufanywa baada ya alasiri, na gari la kuwarudisha wanawake liingie kwenye bei mnayowatajia wenye hoteli, kama inavyoingia ya vipaza sauti. Bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia shughuli, mpeni mwanamke auongoze, mara kwa mara, si siku ya wanawake tu. Mzazi mwenye mtoto mdogo aje naye mazoezini, na awepo wa kumshika.

Nasi tulio nje tunachangishana kila mwezi kwa harusi na mahitaji ya nyumbani, na ni wema. Kanuni moja nzuri ni ghali kwa msichana anayejifunza. Kwa watu kumi wenye kazi Birmingham au Muscat si ghali. Tuinunue, tuiandike kwa jina lake, si la klabu, ili akihama klabu au akipumzika kulea, aondoke nayo.