Lawama za klachi kavu zisibebeshwe giaboksi zote

Tangu BMW ilipoiondoa giaboksi ya klachi mbili (inayojibadilishia gia kwa klachi zinazopokezana) kwenye M5 mwaka 2017 na kurudi kwenye otomatiki ya konveta (inayopitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi), hukumu imekuwa ikitolewa kirahisi: kumbe hata Wajerumani zimewashinda. M3 na M4 mpya zilipotoka mwaka 2020 na konveta hiyohiyo, wale wa Nairobi na Dar es Salaam waliokwisha kuuguza Golf TSI ya Volkswagen iliyotoka Japani wakaona wamepata shahidi. Kwa hoja hiyo, Porsche yenye PDK, giaboksi yake ya klachi mbili, au Nissan GT-R ni gari la kupigia picha tu. Ukilinunua, unangoja siku giaboksi itakapokufilisi.

Hoja yenyewe haikutoka hewani. Machi 2013 Volkswagen ililazimika kuyarudisha gereji magari 384,181 nchini China kwa sababu ya DSG, giaboksi yake ya klachi mbili. Novemba mwaka huohuo ikatangaza kubadilisha oili kwenye magari milioni 1.6 duniani, kwa kuwa oili sintetiki iliyokuwamo kwenye giaboksi yake ya gia 7 iliweza kuleta shoti kwenye mfumo wa umeme. Mwaka 2018 Ford nayo ilitozwa faini ya dola milioni 10 za Australia kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia PowerShift, klachi mbili zake, kwenye Fiesta, Focus na EcoSport. Mtu ambaye gari lake linatetemeka kila anapotaka kuondoka kwenye mataa hana haja ya kusomewa takwimu ili ajue ana tatizo.

Sasa tuangalie ni giaboksi zipi hasa zilizoshitakiwa hapo. DQ200 ya Volkswagen (ndiyo ile DSG ya gia 7) na ile PowerShift ya Ford iliyoleta kesi Australia zote ni za klachi kavu, yaani sahani zake hazikai ndani ya oili bali hupozwa na hewa tu. Zilibuniwa kwa ajili ya magari madogo ya kubana mafuta, kwa sababu klachi kavu haihitaji pampu ya kusukuma oili ya kupozea, na kila nguvu isiyoliwa na pampu ni petroli iliyobaki tangini. Ujerumani, kwenye barabara kuu inayotembea, hesabu hiyo inakubali. Iweke kwenye foleni ya kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni, gari linasogea hatua mbili na kusimama, dereva anakanyaga breki nusu na kuachia nusu, na chini yake sahani zinasuguana bila kushikana sawasawa. Konveta ingeimeza hali hiyo kwa oili inayozunguka ndani yake. Klachi kavu joto lake haina pa kulipeleka.

Magari ya spoti yanayostahili jina hilo hayatumii kitu hicho. PDK ya Porsche, GR6 ya GT-R, giaboksi ya Getrag iliyofungwa kwenye Ferrari California, 458 na Mercedes SLS, na ile ya Tremec kwenye Corvette ya sasa, zote klachi zake zinaoga oili. Oili ndiyo inayobeba joto na kulitoa.

Kuna namba mbili ambazo natamani kila anayesema "klachi mbili ni ugonjwa" aziweke pamoja. DQ200 ilitengenezwa kuhimili msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, wa Nm 250. Bugatti Veyron, iliyotoka 2005 na giaboksi ya gia 7 iliyobuniwa na kampuni ya Ricardo ya Uingereza, ilikuwa ikipitisha Nm 1,250. Ni mara tano kamili. Wazo ni lilelile moja: shafti mbili, moja ya gia za witiri na nyingine ya gia za shufwa, kila moja na klachi yake, ili gia inayofuata iwe imeshaingia kabla ya ile ya sasa kuachia. Kama wazo lenyewe lingekuwa bovu, lingepasukia kwenye Bugatti kabla ya kufika kwenye Golf ya 1.4. GT-R ilipozinduliwa 2007 ilikuwa na Nm 588 tu, na leo wako mafundi wanaoipandisha hadi zaidi ya farasi 1,000 kwa kuimarisha giaboksi ileile ya kiwandani, bila kuitupa. Ukinionyesha klachi kavu iliyofanyiwa hivyo nitanyamaza.

Na BMW? Iliona kwamba otomatiki ya ZF ya gia 8 imefikia kasi ya kubadilisha gia ambayo dereva wa kawaida hawezi kuitofautisha, huku ikiegeshwa na kusogea kwenye foleni kwa ulaini zaidi. Huo ni uamuzi wa biashara, tena wa busara kwa gari la milango minne linalopeleka watoto shule. Katika kipindi hichohicho Chevrolet iliitoa Corvette ya 2020 na klachi mbili pekee, na Lamborghini, ambayo Aventador yake ilibaki na klachi moja hadi mwisho, ikampa mrithi wake, Revuelto ya mwaka 2023, klachi mbili. Shahidi wa BMW akiitwa, hawa nao waitwe.

Haina maana kwamba giaboksi za magari ya spoti hazifi. Zinakufa, na swali ni kinachoanza kufa. Mara nyingi si klachi wala meno ya gia. Ni sensa ya kasi, sensa inayosoma uma wa gia umefika wapi, solenoidi (vali ya umeme) iliyozibwa na unga wa chuma. Hata DSG ya gia 6 yenye klachi za oili haikusalimika: mwaka 2009 Volkswagen iliita magari nchini Marekani kwa sababu sensa ya joto ilikuwa ikidanganya kwamba oili imechemka, na kompyuta, kwa kutii, ilikuwa ikiweka gari nyutro barabarani. Klachi ilikuwa nzima kabisa.

Hapa ndipo ninapoona lawama ingepaswa kuelekezwa, na ambapo haielekezwi. Kwa miaka mingi Porsche haikuuza vipuri vya ndani vya PDK. Sensa ikifa, jibu la wakala lilikuwa giaboksi nzima, na bili ya zaidi ya dola 10,000. Sensa yenyewe ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, na waya zake. Wenye Ferrari za kizazi cha California na 458 walipita njia hiyohiyo hadi mafundi wa nje walipojifunza kuifungua Getrag na kubadilisha kilichokufa peke yake. Corvette nayo: miaka ya mwanzo wakala hakuruhusiwa kuifungua giaboksi, hivyo iling'olewa nzima na kufungwa nyingine, kisha baadaye General Motors ikaruhusu matengenezo ya ndani. Fikiria hilo linavyoandikwa kwenye kumbukumbu. Kila sensa iliyokufa inasomeka "giaboksi imebadilishwa". Anayehesabu anaona giaboksi kumi zimekufa. Hakuna anayehesabu vile vidude kumi vya plastiki. Sifa mbaya ya kitu inajengwa na utaratibu wa kukitengeneza, kisha sifa hiyo inashusha bei ya gari lililotumika, na mwenye gari analipa mara mbili.

GT-R ndiyo kesi iliyopigiwa kelele kuliko zote. Wamarekani wa mwanzo walizima mfumo wa kuzuia gari kuteleza ili wapate kuondoka kwa kishindo, injini ikilia mizunguko 4,500 kabla klachi haijashika, na baadhi wakavunja giaboksi. Nissan ikasema waranti haihusiki mfumo huo ukiwa umezimwa. Bili zilizotajwa zilikuwa karibu dola 20,000. Baadaye kampuni ikabadilisha programu, mizunguko ya kuondokea ikashushwa hadi karibu 3,000. Nissan ilikosea kuuza gari lenye uwezo huo kisha kumwadhibu aliyeutumia, hilo sitalitetea. Lakini gari la karibu kilo 1,750 likirushwa kutoka kusimama kwa magurudumu yote manne, kuna kitu lazima kibebe pigo, na sijaona otomatiki ya mwaka 2008 ambayo ingelibeba kwa kicheko.

Upande wa pili una hoja moja ambayo sina jibu zuri kwayo. Mnunuzi hajali mwenye kosa ni klachi, sensa au sera ya kiwanda. Yeye anajali bili. Gari la gia za mkono likichoma klachi, fundi yeyote mwenye jeki nzuri anaishusha giaboksi na kufunga nyingine kabla ya magharibi. Konveta nayo inavumilia uzembe wetu, maana wako wanaoendesha miaka kumi bila kugusa oili ya otomatiki na bado wanafika kazini. Klachi mbili hazisamehi. DSG ya gia 6 inataka oili na filta kila kilomita 60,000, na Corvette za mwanzo za klachi mbili ziliagizwa kubadilishiwa filta ya giaboksi kwenye maili 7,500 tu. Fundi akifungua, sumaku ya ndani ikatoka na matope mazito ya kijivu na oili inanuka kuungua, hapo ujue kuna mtu aliambiwa "oili ya maisha" akaamini.

Na kwetu magari haya yanafika na maisha nyuma yake. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kinachoshuka Mombasa mara nyingi kina miaka sita au saba ya foleni za Tokyo, na karatasi ya mnada inayosema mengi kuhusu mikwaruzo ya bampa bila neno lolote kuhusu oili ya giaboksi.

Kwa hiyo ningeletewa leo Golf ya 1.4 yenye gia 7 za klachi kavu, ningeiacha hata kwa punguzo, isipokuwa mwenyewe anionyeshe risiti ya klachi na mekatroniki mpya, yaani kompyuta na vali zinazoiendesha giaboksi. Golf GTI ya gia 6 yenye rekodi ya oili ningeinunua bila kusita. Cayman yenye PDK ningeichukua pia, ila ningemtafuta kwanza fundi aliyewahi kuifungua PDK kwa mikono yake na kumuuliza sensa anaipata wapi na kwa siku ngapi. Akishindwa kujibu, ningechukua Cayman ya gia za mkono.