Mpangaji Aliyehama na Ufunguo

Mimi ni mtu wa dagaa. Mahesabu yangu yote ya mwalo wa Kirumba, nani amechukua magunia mangapi na nani akiniona anabadili njia, yamo katika kompyuta, kwenye ile sehemu ya diski iitwayo D. Mwezi uliopita mpwa wangu alitoka Nyegezi akaniwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, pembeni ya Windows, akaniambia, "Mjomba, sasa una wapangaji wawili katika nyumba moja."

Siku nilipotaka kuandika deni jipya nikiwa upande wa Linux, diski ilipachikwa, yaani ilifunguliwa itumike, na mafaili nikayaona, lakini kila nilipojaribu kuhifadhi niliambiwa kwamba diski hiyo ni ya kusoma tu. Yaani niyatazame madeni yangu kama mtalii atazamavyo Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza: kupiga picha ruksa, kulisogeza hapana.

Mpwa akanifafanulia kwa simu kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukiuzima mfumo huo hauzimiki sawasawa, bali huhifadhi hali yake katika faili ili kesho uamke upesi, na diski ya NTFS, yaani iliyopangwa kwa mtindo wa Windows, huachwa nusu usingizini, ndipo Linux, kwa adabu zake, inapokataa kuiandikia isije ikaiharibu. Mpangaji amekuaga, kumbe godoro lake limo ndani na ufunguo umo mfukoni! Tena ukitaka Windows izimike kweli, hubonyezi pa kuzima. Unabonyeza pa kuwasha upya. Kwetu Mabatini umeme una visa vingi, lakini ukikatika umekatika.

Niliandika amri ya powercfg /h off, ya kuukomesha usingizi huo, upande wa Windows, na diski ikakubali kalamu. Ningeishia hapo ningebaki na heshima yangu. Nikatamani diski ya nje nayo ijipachike yenyewe, nikaiandika katika faili la fstab, orodha ya diski ambazo Linux huzipachika inapowaka, kwa jina la /dev/sdb1, kisha asubuhi nikaisahau nyumbani. Kompyuta iliisubiri sekunde 90, nilizihesabu, huku mteja kutoka Kahama amesimama na fedha mkononi, halafu ikaingia katika hali ya dharura, kioo cheusi na maandishi meupe. Mteja akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kuna msiba?"

Mpwa akaniagiza nifute jina hilo, kwa sababu sdb ni kiti cha daladala, hukaliwa na aliyewahi, badala yake niweke UUID, utambulisho wa diski yenyewe wa herufi na tarakimu, na niongeze neno nofail ili diski isipokuwepo safari iendelee. Nikanakili kwa mkono, na mahali pa B nikaandika 8. Kompyuta ikawaka kwa furaha bila diski na bila kulalamika, nami nikatafuta kosa siku mbili.

"Baba Neema," mke wangu akaniuliza, "kwani lile daftari lako lilikuwa na kosa gani?"

Nikamwambia anipatie. Akasema alikwisha kulifungia vitumbua.